Namna ya kufafanua spishi mpya ya mdudu-kibibi wa Amerika Kusini

Kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo mwenye unga mweupe anayefyonza utomvu wa mmea, alipoonekana Kongo mwaka 1973, hakuwa hata na jina. Alilipata mwaka 1977: Phenacoccus manihoti. Watafiti waliokwenda Amerika Kusini kutafuta maadui wake wa asili walikutana kwanza na mdudu mwingine anayefanana naye sana, kaskazini mwa bara hilo. Ikabainika kuwa ni spishi tofauti, ikapewa jina Phenacoccus herreni mwaka 1981, na nyigu waliomshambulia huyo hawakufaa kwa mdudu aliyekuwa akimaliza mashamba ya Afrika. Mdudu halisi alipatikana Paraguai mwaka huohuo wa 1981, pamoja na nyigu mdogo Anagyrus lopezi, ambaye tayari alikuwa amefafanuliwa huko Argentina tangu 1964. Baadaye waliletwa Afrika hata wadudu-kibibi wa Amerika Kusini, akiwemo Hyperaspis notata, walao vidung'ata haohao.

Basi kutenganisha spishi mbili zinazofanana ni kazi yenye uzito. Mwongozo huu unafuata kazi hiyo hatua kwa hatua kwa wadudu-kibibi wadogo wa Amerika Kusini, hasa jenasi Hyperaspis na Diomus. Ndizo zenye spishi nyingi ambazo bado hazina majina, na ndizo zinazowapotosha watu zaidi.

Kabla ya yote: usiamini madoa

Kosa kubwa kuliko yote katika familia hii ni kumtambua mdudu kwa rangi ya mgongo. Spishi moja inaweza kuwa na madoa mawili, manne, sita, au yakaungana yote kuwa mkanda mmoja. Katika spishi nyingi za Hyperaspis dume ana uso wa njano na jike ana uso mweusi, kwa hiyo mtu asiyefungua tumbo anaweza kuwapa mke na mume majina mawili. Kinyume chake pia ni kweli: spishi tano zinaweza kuvaa vazi moja la mabawa meusi yenye doa la njano, zikatofautiana ndani tu.

Étienne Mulsant, mtaalamu wa mbawakawa aliyechapisha kazi yake kubwa huko Lyon mwaka 1850, na George Robert Crotch, aliyemfuatia mwaka 1874, walitegemea sana sura ya nje. Robert Gordon na wenzake walipoanza kupitia upya wadudu-kibibi wa Amerika Kusini kwa kuchunguza viungo vya uzazi vya dume, majina kadhaa yalianguka na spishi nyingi mpya zikajitokeza ndani ya masanduku ya zamani ya makumbusho. Kanuni ya kazi ni hii: bila dume aliyepasuliwa, usitangaze spishi mpya katika jenasi hizi.

Hatua ya 1: vibali, kisha kitambaa

Vibali huja kwanza, kwa sababu sampuli iliyokusanywa bila kibali haiwezi kuwekwa kwenye makumbusho yoyote ya maana, na jarida litauliza. Brazili ina mfumo wa SISBIO kwa ukusanyaji, na kwa mujibu wa Sheria 13.123 ya mwaka 2015 utafiti unaogusa urithi wa jenetiki huandikishwa kwenye SisGen. Nchi za Jumuiya ya Andes zinafuata Uamuzi 391 wa mwaka 1996 kuhusu rasilimali za jenetiki. Argentina, ulizia katika ngazi ya mkoa pia. Mtafiti wa kigeni aanze na mwenyeji: mtaalamu wa chuo kikuu au makumbusho ya nchi husika, awe mshirika wa kweli katika kazi.

Vifaa vya shambani ni vichache:

- kitambaa cheupe cha takriban mita 1 kwa mita 1 kilichokazwa kwa vijiti viwili, na fimbo ya kupigia matawi;
- bomba la kunyonyea wadudu wadogo;
- vichupa vya ethanoli ya asilimia 95 au zaidi kwa sampuli za DNA;
- chupa ya kuulia yenye ethili asetati kwa sampuli za kukaushwa;
- mifuko ya karatasi ya kubebea matawi yenye vidung'ata, wadudu magamba au vidukari.

Piga tawi mara mbili au tatu kwa ghafla, kisha angalia kitambaa upesi. Wadudu-kibibi hujiangusha na kukunja miguu, na kwa sekunde chache huonekana kama mbegu. Tafuta penye chakula chao: mmea uliojaa unga mweupe wa vidung'ata utakupa Hyperaspis na Diomus wengi kuliko siku nzima ya kupunga wavu kwenye majani mazuri. Andika mmea na windo lake papo hapo, na beba sampuli za windo pia. Taarifa hiyo haiwezi kurudishwa baadaye, na ndiyo watakayoitafuta watu wa udhibiti wa kibayolojia.

Weka wengine hai kwa siku chache, ukiwapa windo lilelile. Kuna sababu mbili. Mbawakawa aliyetoka karibuni kwenye bundo (hatua kati ya buu na mdudu mzima) bado hajakomaa rangi, na viungo vyake vya uzazi ni laini kiasi cha kujikunja vikikauka. Ukimchora, utachora umbo la uongo. Pili, njano na nyekundu hufifia baada ya kifo, hasa ndani ya ethanoli. Piga picha ya rangi akiwa hai, ukiandika namba ya sampuli.

Hatua ya 2: kubandika na lebo

Mdudu wa milimita 2 au 3 hachomwi pini mwilini. Hubandikwa kwenye ncha ya pembetatu ya kadi ngumu isiyo na asidi, kwa gundi inayoyeyuka kwa maji, upande wa kulia wa kidari. Tone liwe dogo sana. Gundi ikifunika upande wa chini, imefunika nusu ya sifa utakazohitaji.

Lebo ya kwanza ina nchi, jimbo, mahali, majira ya nukta, mwinuko, tarehe, njia ya kukusanya na mkusanyaji. Mwezi uandikwe kwa tarakimu za Kirumi (12.xi.2023), maana 12/11 husomwa kwa njia mbili duniani. Mmea na windo viende kwenye lebo ya pili. Chapisha kwa wino usiotoka kwenye spiriti.

Hatua ya 3: fika kwenye jenasi kwa uhakika

Geuza mdudu chali chini ya hadubini ya kupasulia. Upande wa chini ndio wenye habari.

Tazama pingili ya kwanza ya fumbatio, nyuma ya nyonga za miguu ya mwisho. Kuna mstari uliopinda, mstari wa nyuma ya nyonga. Andika njia yake: unafika ukingo wa nyuma wa pingili na kuufuata, au unageuka kurudi juu kama upinde, au unapotelea katikati? Kwa Diomus mstari huo hushuka na kuungana na ukingo wa pingili, na pingili mbili za kwanza zimeshikana katikati. Mgongo wa Diomus una vinyweleo. Wa Hyperaspis ni mtupu na unang'aa, na kwenye sehemu ya chini iliyokunjwa ya mabawa magumu kuna vibonyeo ambamo ncha za mapaja huingia mdudu anapojikunja.

Hesabu pingili za vipapasio kwa kipapasio kilichotolewa na kuwekwa kwenye gliserini, si kwa kuangalia juu juu. Nyayo pia hudanganya: zinaonekana za pingili tatu kwa sababu pingili ya tatu ni ndogo na imejificha. Mulsant mwenyewe aliita kundi hili wenye pingili tatu.

Hatua ya 4: kupasua

Hapa ndipo sampuli nyingi huharibika, kwa hiyo nenda polepole. Piga picha za mdudu mzima kwanza: juu, chini, ubavu, uso, na mstari wa nyuma ya nyonga kwa karibu. Pingili ya kwanza ya fumbatio mara nyingi hupasuka wakati wa kuitoa, na ikishapasuka huna tena ushahidi wa mstari huo.

Tambua dume kwanza. Mara nyingi pingili ya mwisho inayoonekana chini imekatwa wima au ina ghubu dogo kwa dume, na imeviringa kwa jike. Si kanuni kamili, lakini inakuepusha kufungua majike kumi bure.

1. Mlegeze mdudu kwenye maji ya moto yasiyochemka, yenye tone moja la sabuni ya maji, kwa dakika 15 hadi 30. Aliyekaa makumbusho miaka mingi anaweza kuhitaji saa kadhaa. Ukivuta akiwa bado mkavu, utabaki na vipande.

2. Mlaze chali. Kwa pini nyembamba iliyopindwa kidogo kwenye ncha, ingia kati ya nyonga za nyuma na pingili ya kwanza, pande zote mbili, mpaka fumbatio lijiachie lenyewe. Usilivute kwa koleo.

3. Litumbukize kwenye myeyusho wa potasiamu hidroksidi wa asilimia 10, yaani gramu 10 kwa mililita 100 za maji yaliyotoneshwa. Kwenye joto la chumba liache usiku mmoja. Ukitaka haraka, weka kichupa ndani ya maji ya moto kwa dakika 5 hadi 10, ukikagua kila dakika mbili. Vaa glavu na miwani, kwani myeyusho huu unaunguza ngozi na macho.

4. Misuli ikishakuwa kama uji, hamishia kwenye maji yenye asidi ya asetiki kidogo kwa dakika kadhaa ili kusimamisha kazi ya potasiamu hidroksidi, kisha suuza kwa maji safi mara mbili. Ukichelewa, kuta hugeuka kama kioo na vinyweleo vya paramera (vipande viwili vya pembeni vya kiungo cha uzazi cha dume) havionekani tena. Ikitokea hivyo, tia rangi ya klorazoli nyeusi kwa sekunde chache.

5. Toa viungo vya uzazi kupitia mwanya wa juu wa fumbatio, ukiacha pingili za chini zikiwa zimeshikana.

Utakuwa na vipande viwili vikuu. Cha kwanza ni tegmeni: kitako, paramera mbili zenye vinyweleo, na katikati yake ulimi wa kati. Cha pili ni sifo, mrija mrefu mwembamba uliopinda kama kulabu, wenye kapsuli chini na ncha ambayo mara nyingi ndiyo inayoamua kesi nzima. Vitenganishe kwa uangalifu, maana sifo hupita ndani ya tegmeni na ukivuta upande usio sahihi ncha inakatika.

Weka kila kipande kwenye gliserini ndani ya kioo cha hadubini chenye kibonyeo. Usifunike kwa kioo chembamba mara moja: kikikandamiza, ulimi wa kati unalala ubavu na upana wake unabadilika. Chora au piga picha tegmeni kwa mbele na kwa ubavu. Sifo kwa ubavu, mzima. Kisha ncha ya sifo peke yake kwa ukuzaji wa mara 400.

Kwa Hyperaspis zingatia upande. Ulimi wa kati wa spishi nyingi hauna ulinganifu: una jino au ghubu upande mmoja tu. Hadubini ya nguvu kubwa huzungusha taswira nusu mzunguko, na tegmeni iliyolazwa kifudifudi badala ya chali huhamisha jino kutoka kushoto kwenda kulia. Andika kwenye kila mchoro ni upande gani unatazamwa. Michoro iliyochapishwa bila kusema hivyo imewafanya watu kudhani wana spishi mpya, kumbe ni ileile iliyogeuzwa.

Kwa jike, kifuko cha kuhifadhia mbegu ndicho kinachochorwa, pamoja na mfereji wake. Katika Hyperaspis kinasaidia. Katika Diomus nyingi hakitoshi peke yake.

Mwisho, weka vipande vyote kwenye kichupa kidogo cha plastiki chenye gliserini kiasi cha tone, ukichome kwenye pini ileile chini ya kadi. Viungo vya uzazi vilivyotengwa na mdudu wake havina thamani.

Hatua ya 5: thibitisha kwamba haina jina

Hatua hii huchukua muda kuliko zote, na wengi huikata njiani. Mkate ukitoka tanuri umeungua hautengenezwi tena. Jina lililochapishwa bila kulinganisha hubaki kwenye orodha ya visawe milele, na kila anayekuja baadaye analibeba.

Anza na orodha: katalogi ya Richard Korschefsky ya 1931 na 1932 kwa dunia nzima, orodha ya Richard Blackwelder ya mbawakawa wa Amerika ya Kilatini, kisha mapitio ya Gordon na wenzake, akiwemo Claudio Canepari kwa Hyperaspidini. Maandishi ya Mulsant na Crotch yanapatikana bure kwenye Biodiversity Heritage Library. Kumbuka majina ya zamani hayakai chini ya jenasi unazozijua: Hyperaspis nyingi za Amerika Kusini Mulsant aliziweka kwenye Cleothera, na Diomus nyingi zilizaliwa zikiitwa Scymnus. Ukitafuta chini ya jenasi ya leo tu, utakosa nusu.

Kisha zifuate sampuli za majina yenyewe, yaani zile ambazo majina hayo yalitolewa kwazo. Za Crotch ziko makumbusho ya zoolojia ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Za Julius Weise ziko Berlin. Za Juan Brèthes ziko Buenos Aires, makumbusho ya Bernardino Rivadavia. Za Mulsant zimetawanyika, Lyon na Paris na kwingineko. Omba picha kwanza: juu, chini, lebo zote, na viungo vya uzazi kama vilikwisha kutolewa. Omba ruhusa ya kupasua ikiwa havijatolewa. Wasimamizi wengi wanakubali wakiona michoro yako ya awali na wakijua kwamba unaijua kazi.

Mara nyingine sampuli ya jina la zamani ni jike, na wewe una dume. Hapo pata madume kutoka mahali palepale alipotoka jike huyo, au karibu napo, ndipo ulinganishe. Mara nyingine sampuli haipo kabisa: moto wa tarehe 2 Septemba 2018 uliteketeza sehemu kubwa ya mkusanyo wa wadudu wa Museu Nacional, Rio de Janeiro, pamoja na sampuli za majina mengi. Katika hali hiyo rudi kwenye maelezo ya kwanza, neno kwa neno, na ueleze wazi katika makala ulivyofikia uamuzi.

Na DNA? Kipande cha kawaida cha COI, jeni ya mitokondria, cha herufi 658, ni msaada mzuri, hasa kumuunganisha jike na dume au buu na mzima. Lakini kwa familia hii tahadhari. Wadudu-kibibi hubeba bakteria wanaoua viinitete vya kiume, wakiwemo Wolbachia, Rickettsia na Spiroplasma. Bakteria hao hurithiwa kwa mama pamoja na mitokondria, kwa hiyo wanaweza kueneza aina moja ya COI ndani ya spishi, au kuigawa spishi moja katika makundi yanayoonekana kama mawili. Tofauti ya COI isiyoungwa mkono na umbo wala na jeni ya kiini haitoshi kuzalisha jina.

Hatua ya 6: vipimo na maelezo

Sahihisha mizani ya hadubini kwa rula ya kioo kabla ya kupima, kwa kila kiwango cha ukuzaji. Pima urefu wa mwili kuanzia ukingo wa mbele wa uso hadi ncha ya mabawa magumu. Upana wa mabawa yote mawili panapozidi. Kimo panapoinuka zaidi. Urefu na upana wa pronoto (bamba la juu lililo nyuma ya kichwa). Kama sampuli zipo, pima angalau 10 kwa kila jinsia, utoe kiwango cha chini, cha juu na wastani. Mdudu aliyevimba kwenye ethanoli huchomoza kichwa na kuongeza urefu. Usimchanganye na waliokaushwa bila kusema.

Maelezo hufuata mpangilio mmoja: rangi, kichwa, pronoto, mabawa magumu, upande wa chini, miguu, fumbatio, viungo vya uzazi vya dume, kisha vya jike. Epuka maneno yanayoelea kama "vishimo vikubwa kiasi". Sema vishimo vya pronoto ni sawa na kipenyo cha kijicho kimoja cha jicho, na vimeachana kwa mara 1 hadi 2 ya kipenyo chao. Msomaji aliyeko Lima au Nairobi ataweza kuona jambo lilelile. Eleza holotipu (sampuli moja inayobeba jina la spishi) kwanza, halafu fungu la tofauti: madoa yanavyobadilika, jike anavyotofautiana, wadogo na wakubwa.

Fungu la utofautisho ndilo litakalosomwa kuliko yote, na ndilo linaloandikwa vibaya kuliko yote. Usiandike kwamba spishi yako "inatofautiana na nyingine kwa umbo la kipekee la tegmeni". Taja spishi mbili au tatu zinazofanana nayo zaidi kwa majina, na sema tofauti pande zote: katika yako ulimi wa kati una urefu wa theluthi mbili za paramera na jino liko kulia, katika ile unalingana na paramera na hauna jino. Ongeza sifa moja ya nje, hata kama ni dhaifu, na useme kuwa ni dhaifu.

Picha zichukuliwe kwa tabaka, kati ya 20 na 60, kisha ziunganishwe kwa programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker. Mgongo wa Hyperaspis unaakisi mwanga kama kioo na kuficha vishimo. Zungushia mdudu nusu ya mpira wa tenisi ya mezani au karatasi nyembamba nyeupe, taa ziwe nje. Kila picha iwe na mizani.

Hatua ya 7: jina

Angalia jinsia ya kisarufi ya jenasi. Hyperaspis ni ya kike, Diomus ni ya kiume. Kivumishi cha Kilatini hufuata: maculata kwa ya kwanza, maculatus kwa ya pili. Ukimuenzi mtu, mwanamume hupata -i na mwanamke -ae. Jina la mahali kwa kawaida huishia -ensis. Nomino huwekwa bila kubadilishwa. Katika fungu la asili ya jina sema kama ni kivumishi au nomino, ili asije mtu akalibadilisha baadaye kwa kukisia.

Hakikisha jina halijatumika, si katika jenasi yako tu bali pia katika jenasi ambazo spishi huhamia na kutoka. Kwa Diomus kagua Scymnus yote. Binafsisha jina kidogo: bicolor au quadrimaculata ni mialiko ya mgongano, na jina la madoa litaanza kusema uongo siku sampuli isiyo na madoa itakapopatikana.

Hatua ya 8: masharti ambayo yakikosekana jina linakufa

Toleo la nne la Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, linalotumika tangu 1 Januari 2000, ni kali na halina huruma. Yafuatayo yawemo ndani ya makala yenyewe:

- tamko wazi kwamba jina ni jipya, kwa kawaida sp. nov.;
- maelezo kwa maneno ya sifa zinazoitofautisha spishi; picha peke yake haitoshi;
- holotipu moja iliyotajwa bila utata, pamoja na lebo zake;
- jina la makumbusho itakakohifadhiwa na mji ilipo.

Jina lililotolewa kwa masharti halihesabiwi. Ukiandika "ikithibitika kuwa ni spishi mpya, tunapendekeza iitwe hivi", hujataja kitu. Jina likitokea kwanza kwenye muhtasari wa mkutano au tasnifu ambayo haijachapishwa kwa mujibu wa Kanuni, huzua mkanganyiko; kwenye tasnifu tumia namba, "Diomus sp. 3".

Kwa jarida la kielektroniki lisilochapisha nakala za karatasi, kazi iwe imeandikishwa ZooBank (rejista rasmi ya majina ya wanyama) kabla ya kutoka, na ushahidi wa uandikishaji pamoja na tarehe ya kuchapishwa vionekane ndani ya makala. Sharti hili linahusu kazi zilizotoka baada ya 2011. Usiliachie jarida peke yake. Ingia ZooBank ukague kwamba jina la hifadhi ya kumbukumbu na namba ya ISSN vimejazwa. Zootaxa, ZooKeys na Insecta Mundi wamezoea utaratibu huu.

Kanuni hazilazimishi lugha ya maelezo. Maelezo ya Kiswahili yatakuwa halali kama mengine, ingawa zinashauri lugha inayosomwa sana na wanazoolojia. Kwa kundi hili ongeza utofautisho wa Kiingereza, Kihispania au Kireno, wasije wenye mdudu wenyewe wakakosa kuusoma.

Hatua ya 9: holotipu iende wapi

Chagua dume mkomavu, mzima, aliyepasuliwa vizuri, mwenye lebo kamili. Holotipu ibaki katika nchi alikotoka: mkusanyo wa Padre Moure huko Curitiba, makumbusho ya zoolojia huko São Paulo, makumbusho ya Chuo Kikuu cha San Marcos huko Lima, makumbusho ya taifa huko Santiago, na kadhalika. Sheria nyingi zinataka hivyo, na hata pasipotakwa, ni haki. Paratipu (sampuli nyingine za spishi hiyo zilizotajwa pamoja na holotipu) zigawe kwenye makumbusho mawili au matatu tofauti. Moto wa Rio umeonyesha kwa nini. Majike yaingie kwenye paratipu pale tu yanapounganishwa na madume kwa hakika: walikamatwa wakijamiiana, walilelewa pamoja, au DNA inakubaliana. Jike wa kudhaniwa aorodheshwe kama sampuli nyingine iliyochunguzwa.

Kwa desturi lebo ya holotipu ni nyekundu na ya paratipu ni njano, kila moja ikiwa na jina kamili, jinsia na mwandishi. Lebo hizo zibandikwe makala ikishakubaliwa, maana jina likibadilishwa na wahakiki utakuwa na lebo nyekundu yenye jina lisilokuwepo duniani. Kabla ya kufunga sanduku, shika makala mkononi, soma kila lebo kwa sauti ukilinganisha na maandishi: tarehe, mwinuko, majira ya nukta, idadi ya paratipu kwa kila makumbusho. Kisha angalia kichupa cha gliserini kama kizibo kimekaza, na uchome pini mbili pembeni ya kadi ili mdudu asizunguke njiani.